Maji ya Nyuma ya Mafunjo

Mwezi uliopita nilikwenda kliniki ya macho hapa Nakuru, na kabla sijakaa vizuri kwenye benchi nikasikia mtu akicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu ujana wangu. Macho yangu yana ukungu, kwa hiyo sura haikunisaidia. Ni kile kicheko. "Mluhya!" akapaaza sauti, kana kwamba hapakuwa na muuguzi wala wagonjwa wengine. "Kumbe huyu Mluhya bado yuko! Ukiona maji bado unafikiria kuku?" Alikuwa Odongo, na mzaha wake ule ule wa Waluhya na kuku. Alinishika mkono, akanivuta nikae kando yake, akaanza kuwasimulia wazee wa benchi lile jinsi mimi na yeye tulivyolijaza lori samaki pale Naivasha, enzi za mkoloni, mpaka dereva akaogopa springi zitavunjika. "Na huyu ndiye alikuwa macho yetu," akawaambia. "Sasa mwoneni, hata mlango haoni." Wazee wakacheka. Nami nikacheka, maana hivyo ndivyo nilivyokuwa mbele ya Odongo tangu zamani: mwili unacheka kabla kichwa hakijaulizwa. Nilipofika nyumbani chakula kilinishinda. Alikuwa ameisimulia habari ile kama ujanja wa vijana wawili walioelewana, na Mama Akelo hakumtaja hata mara moja.

Sitaeleza hapa nilizaliwa wapi wala kwetu tulikuwa wangapi. Inatosha kusema kwamba miaka ya hamsini ilipokuwa inaishaisha, nikiwa nimemaliza kidato cha pili na sina njia ya kuendelea, nilipata kazi ya karani wa mizani katika kampuni iliyokuwa imepewa ruhusa ya kuvua kwa nyavu katika ziwa la Naivasha. Kabla ya hapo samaki wa ziwa lile walikuwa wa mchezo wa Wazungu, waliokaa kwenye maboti yao Jumapili na fimbo na kofia wakimtafuta besi, samaki wa mdomo mkubwa ambaye wao wenyewe ndio waliomleta. Mwafrika aliyekutwa na ndoano alikuwa na maneno ya kujibu. Kwa hiyo tulipofika sisi, na nyavu, na ruhusa, wenyeji walitutazama kama watu walioingia kanisani na viatu vya shambani. Kambi ilikuwa upande wa kaskazini, karibu na pale mto Malewa unapoingia ziwani, na ng'ambo ya maji, asubuhi isiyo na ukungu, mlima Longonot ulikaa kama chungu kilichovunjika mdomo.

Tulilala katika safu ya vyumba vya mabati ambavyo mwenye shamba alikuwa amevikodisha kwa kampuni. Waliokaa humo kabla yetu walikuwa wamehamishwa kwa nguvu wakati wa Hali ya Hatari, na hawakupewa nafasi ya kumaliza kufunga mizigo. Ukutani mwa chumba chetu palikuwa na msumari, na chini ya msumari doa jeupe la mviringo mahali ambapo kioo kiliwahi kutundikwa. Nilikuwa nikijitazama katika doa lile kila asubuhi nikichana nywele, kwa mzaha, na Odongo kutoka kitandani kwake akawa ananiuliza kama bado nina sura mbaya. Alinizidi umri kidogo tu, lakini alikuwa ndiye kiongozi wa wapiga makasia, mtu wa Nyanza aliyezaliwa kando ya ziwa, na mimi mtoto wa milimani niliyekuwa naogopa hata maji ya kisima. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea. Alinishika tumboni kwa kiganja kimoja akiniambia nipige miguu, na siku alipoondoa kile kiganja bila kuniambia, nikagundua naelea peke yangu, nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja. Naandika hivyo bila aibu. Kama singempenda, hii isingekuwa habari ya kuandika.

Mama Akelo alikuwa mpishi wetu. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye ulimi mkali, na sababu ya kumwajiri ilikuwa kwamba alijua kukausha kwa moshi samaki waliobaki bila kununuliwa. Jikoni kwake palikuwa paa la mafunjo juu ya nguzo nne, majiko ya mawe, na dari ya fito ambako samaki walilala wakibadilika rangi. Jioni tulikaa kwenye magogo na sahani za bati, ugali na samaki aina ya ngege aliyechemshwa na nyanya, na mimi nikawa kichekesho cha kambi kwa jinsi nilivyoogopa mifupa. "Mtazameni," Odongo alikuwa akisema, "anakula samaki kama mtu anayetafuta sindano kwenye godoro." Mama Akelo alinitetea kwa kumtukana yeye. "Wewe kula ukanyamaze. Huyu angalau ametafuna vitabu. Wewe umetafuna nini?" Kisha ananiwekea kipande cha mkiani, ambacho mifupa yake yaonekana. Alikuwa ananiita mwanangu. Naye Odongo, Mama Akelo alimwita Odongo tu, au, akiwa amekasirika, yule wa maneno.

Ukuta wa bati hauzuii sauti, na mambo mengi niliyoyajua juu ya uvuvi niliyasikia nikiwa kitandani baada ya chakula, wapiga makasia wakizungumza upande wa pili. Ndivyo nilivyosikia habari ya boti. Walikuwa wakisema kwamba mvuvi anaweza kumdanganya mkewe, akamdanganya chifu, akamdanganya hata pasta, lakini akiweka mkono juu ya pua ya boti na kuapa, halafu akavunja neno lake, ziwa litamdai. Mmoja alimtaja mjomba wake. Mwingine akataja jirani. Wote walinong'ona kidogo waliposema majina ya waliokufa. Mimi nilisikia hayo, nikayaamini, na kwa kuwa nilikuwa msomi sikumwuliza mtu yeyote kama hayo ndiyo yote.

Mvua za kwanza ziliponyesha milimani, maji ya mto yakawa ya rangi ya chai ya maziwa. Jumapili moja Mama Akelo alinichukua nimsaidie kukata mafunjo ya kuezeka upya jiko. Mahali pale mto haukuingia ziwani kwa mlango mmoja. Uligawanyika katika msitu wa mafunjo yaliyomzidi mtu urefu, ukajipenyeza ndani yake polepole, ukaacha matope yake humo, na ulipotokea upande wa ziwa ulikuwa maji masafi. Tulifuata njia ya kiboko, yeye mbele na panga, akiimba kwa sauti ili kiboko asikie na aondoke kwa heshima. Nilikuwa nazama mpaka magotini nikiwaza kurudi. Kisha mafunjo yakaachana na tukasimama ukingoni mwa dimbwi ambalo kutoka ziwani hungeweza kamwe kulijua. Maji yalikuwa yametulia, vuguvugu, na chini yake mchanga ulikuwa umechimbwa vishimo vya mviringo, kimoja kando ya kingine, kama sahani zilizopangwa kwa wageni.

"Inama," akaniambia. "Usitie kivuli." Nikainama. Ngege jike alikuwa amesimama juu ya kishimo, na mbele ya uso wake wingu la vitu vidogo kama mbegu za mtama likicheza. Mama Akelo akanyoosha mkono juu ya maji, kivuli cha mkono kikapita, na lile wingu likakimbia lote kwa pamoja likaingia mdomoni mwa mama yao. Likaisha. Samaki akafumba mdomo, mashavu yamejaa, akatutazama. Nilicheka kwa sauti, na Mama Akelo akacheka kwa sababu nilicheka. Akafanya tena. "Anakaa hivyo bila kula mpaka wakue," akasema. "Kwetu ukimvua huyu na watoto mdomoni, unamtikisa majini kwanza, wanatoka, ndipo unamweka kwenye kikapu. Hata mlevi anafanya." Akaniambia kwamba samaki wa nyavu zetu wote walianzia pale na madimbwi mengine kama lile yaliyofichwa mlemle, na kwamba yeye huja kuchukua mmoja wawili wa chungu wakati nyavu zimetoka tupu, dume tu. Alidai pia kwamba kiboko ndiye mlinzi aliyewekwa na Mungu hapo, jambo ambalo sikulikubali wakati ule na silikubali leo. "Odongo asijue," akasema tulipokuwa tunarudi. "Odongo akijua, Bwana Miwani atajua." Bwana Miwani ndiye Mzungu aliyekuwa akiisimamia kambi. Nilimwambia sitasema. Nilisema hivyo kwa moyo wote.

Nyavu zikaanza kutoka nyepesi. Bwana Miwani hakuwa mtu wa matusi, alikuwa mtu wa kusimama ufukweni na kutazama kimya, na hilo lilikuwa baya zaidi. Ikasemwa kwamba kambi itafungwa na wapiga makasia warudishwe kwao. Odongo akaacha mizaha. Mchana mmoja tulikuwa tumekaa kivulini mwa boti lililopinduliwa, yeye akishona wavu, mimi nikimpitishia uzi, naye akasema bila kuinua kichwa kwamba akirudi nyumbani mikono mitupu baba yake hatamsema, atamtazama tu, kama Bwana Miwani. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Nilitaka kumchangamsha. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa kwa miaka mingi, na ni ya kweli, lakini si yote. Kwa mwaka mzima yeye ndiye aliyejua maji, na mimi ndiye niliyefundishwa. Sasa nilikuwa na maji ambayo yeye hakuyajua, na yalinichoma ulimi.

"Samaki hawajaisha," nikasema.

"Nani amekuambia? Kitabu?"

"Nimewaona."

Akaacha kushona. "Omera," akasema, neno ambalo kwao ni ndugu, na ambalo aliniita mara chache sana, "umewaona wapi?" Nikamwambia aape kwanza. Nikamwambia aape kwa boti. Alinitazama, nadhani alishangaa kwamba nalijua jambo lile, kisha akaweka kiganja juu ya pua ya boti na kusema kwa Kijaluo na tena kwa Kiswahili ili nisikie: hatapeleka wavu huko, hatamwambia mtu, ataenda kwa ndoano tu, kwa ajili ya chungu. Alisema polepole, uso umekazwa. Nikamweleza njia ya kiboko. Nikamweleza na vile vishimo, na mama mwenye mashavu. Nikamwonyesha kwa mkono kivuli kinavyopita.

Siku chache baadaye mizani iliharibika, nikatumwa kuipeleka kwa fundi Nakuru. Nilikaa mtaa wa Bondeni kwa binamu yangu nikiingoja, nikatembea mjini kama mtu mwenye kazi yake, nikamnunulia Mama Akelo majani ya chai na Odongo kitana. Nilipokuwa nikirudi, treni ilipoanza kuteremka kuelekea ziwani, abiria wa upande wa dirisha walinyoosha shingo. Moshi ulikuwa umesimama juu ya kaskazini ya ziwa, mweusi chini, mweupe juu. Mtu mmoja akasema ni Wazungu wanachoma majani wapande lusani, chakula cha ng'ombe. Nami nikakubali, kwa sababu walikuwa wakifanya hivyo kweli, kila mwaka wakimega mafunjo kidogo. Nilikubali mpaka stesheni. Njiani kutoka stesheni, mizani begani, nikaacha kukubali.

Walikuwa wamekata mfereji. Walichoma mafunjo, wakafyeka yaliyobaki, wakachimba moja kwa moja kutoka ziwani mpaka dimbwini ili boti lipite na kokoro, ule wavu mrefu unaokokotwa na watu kutoka nchi kavu na usioacha kitu. Walipomaliza dimbwi la kwanza, mfereji wenyewe uliwaonyesha la pili, na la tatu. Ufukweni samaki walikuwa wamerundikwa juu ya nyasi, marundo yaliyonifika kiunoni, na lori la kampuni limesimama tayari. Wengi wao walikuwa wadogo kuliko kiganja. Mama Akelo alikuwa akitembea kati ya marundo na karai la maji. Alikuwa akiokota samaki mmoja mmoja, anamtikisa mdomo chini juu ya karai, anamrudisha, anaokota mwingine. Karai lilipojaa alilipeleka mtoni, akarudi. Wapiga makasia walikuwa wakimcheka, si kwa ubaya, kwa uchovu. "Mama, hao watoto watasoma shule gani?" mmoja akauliza. Akaokota mwingine.

Odongo aliniona kwanza. Alikuja mbio, tope mpaka kifuani, akanikumbatia pamoja na mizani. Halafu akanishika mkono, akauinua juu kama mshindi wa ngumi, akawageukia wote, na Bwana Miwani aliyekuwa kando ya lori. "Huyu hapa! Mliuliza nani aliona? Ni huyu! Ni Mluhya, si mimi. Mimi nilifuata tu maneno yake." Watu wakapiga makofi. Bwana Miwani alinitikisa mkono, mara ya kwanza na ya mwisho, akasema kwa Kiswahili chake kwamba mimi ni kijana ya akili. Ninaapa kwamba Odongo hakufanya vile kunidhuru. Alidhani ananipa heshima, na hilo ndilo sijaweza kumsamehe. Mama Akelo alikuwa amesimama na karai kichwani. Alisikia yote. Alinitazama kwa muda wa mtu kumeza mate, kisha akaendelea kuelekea mtoni, maji yakimwagikia bega.

Ningeweza kumfuata. Ningeweza kuokota samaki mmoja, mbele ya watu wote, na kumtikisa. Nilifunga mizani kwenye mti na kuanza kupima, kwa sababu lori lilikuwa linangoja.

Nilimkabili Odongo chumbani jioni hiyo. "Uliapa," nikamwambia. "Uliweka mkono juu ya boti." Alikuwa akiosha miguu kwenye beseni, naye akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua limezama. "Boti gani? Ile ya kampuni?" Akacheka kidogo, akaona sicheki naye, akaacha. "Omera, ile ina namba tu. Boti ya kuapia ni boti ambayo imepewa jina. Inaitwa jina la mwanamke, inapewa unga, inachinjiwa kuku, wazee wanaisemesha. Hiyo ndiyo inasikia. Ile ya kampuni ilitoka Nairobi kwa lori. Niliapa juu ya mbao." Nikamwuliza kama alijua hivyo wakati alipokuwa akiapa. Akakausha mguu mmoja, akakausha wa pili. "Kila mtu anajua hivyo," akasema. "Nilifikiri na wewe unajua. Nilifikiri unataka niseme tu, ili ukisema usiwe na makosa."

Maneno hayo yamekaa nami kuliko mafunjo yaliyoungua. Nimeyageuza kila upande. Kuna siku nasema alikuwa mwongo aliyepata njia ya kutokea, na kuna siku, hasa siku hizi ambapo silali sana, najiuliza kama hakuwa amesoma moyo wangu vizuri kuliko nilivyousoma mimi.

Bwana Miwani aliamua kwamba samaki wote waende Nakuru na Nairobi wakiwa wabichi, hivyo hakukuwa tena na wa kukausha, na mpishi angeweza kuwa yeyote. Mama Akelo aliondoka na treni ya Kisumu. Nilimbebea sanduku mpaka stesheni, na njia nzima tulizungumza juu ya vumbi. Kwenye jukwaa nikaanza kujitetea, nikamweleza habari ya kiapo, na ya boti lisilo na jina, na jinsi Odongo alivyonichezea. Alinisikiliza huku akifunga upya kilemba. "Odongo simkasirikii," akasema. "Odongo namjua." Nilingoja aendelee. Treni ikaingia, akanipokonya sanduku, akapanda, akatafuta kiti upande wa pili ambako hakuna dirisha la kuniona.

Tulivua vizuri miezi michache. Kisha mvua za mwaka uliofuata zikaja, na mto, kwa kuwa sasa ulikuwa na mfereji, haukupita tena katika mafunjo. Uliteremka moja kwa moja na udongo wote wa mashamba ya juu, wa pareto na wa mahindi, ukaumwaga ziwani, na maji ya kambi yetu yakawa uji mwekundu mpaka mbali. Bwana Miwani alitutuma mdomoni mwa mto, na mimi nikiwemo, kwa kuwa nilikuwa mtu mwenye macho. Tukavuta kokoro. Lilikuja zito, wapiga makasia wakaanza kuimba, na lilipofika lilikuwa limejaa tope na mizizi ya mafunjo iliyoungua. Tukalivuta mahali pengine. Tope. Hapakuwa na vishimo vya mviringo popote, chini yote imesawazishwa kama sakafu iliyopigwa udongo. Mara ya tatu hakuna aliyeimba. Tulipopanda tena boti, Odongo akakaa chini, mikono juu ya magoti, akanigeukia. Hakuwa na mzaha wowote usoni, wala aibu. Alinitazama kwa matumaini, jinsi mimi nilivyokuwa nikimtazama yeye wakati kiganja chake kilipokuwa chini ya tumbo langu.

"Omera," akasema, "tuonyeshe pengine."

Wote wakaacha kupiga makasia wakanitazama. Na lazima niandike hili pia: kwa nukta moja, kabla ya jambo lingine lolote, nilifurahi kuombwa. Niligeuza kichwa nikatafuta kwa kweli. Nilitazama ukingo mzima wa kaskazini, mashina meusi, ng'ombe wa shamba wakinywa mahali palipokuwa msitu, maji mekundu yakiingia katika maji ya ziwa bila kitu cha kuyazuia.

"Hakuna pengine," nikamwambia.

Akangoja, akidhani bado nataka aape.